Tone la bati likiwa na ngozi, usilipime

Wakuu, mnaopima mvutano wa uso (ile nguvu inayovuta uso wa kimiminika ujikusanye) wa bati lililoyeyuka (tin, metali ya kulehemu, si mabati ya paa) au aloi zake, yaani michanganyiko yake na metali nyingine, kwa kupiga picha tone likiwa limekaa kwenye kibao na kusoma umbo lake, cheki oksaidi kwanza, maana oksijeni kidogo tu inaweka ngozi juu na hapo hupimi tena metali unapima ngozi, namba zinakuja za ajabu. Bati safi likishayeyuka tu (nyuzi 232) linasoma kama 0.55 N/m hivi, zaidi ya mara saba ya maji. Pitisha gesi safi ya agoni kuzuia oksijeni, kibao kiwe cha alumina au grafaiti, shaba hapana kabisa inayeyukia humohumo. Tone nalo liwe kubwa kiasi, likiwa dogo sana linabaki duara tupu na programu inayosoma umbo haina cha kusoma.