Jinsi ya kukadiria ukubwa wa wingu la gesi usiloliona

Jamaa mmoja hapa Bagamoyo kanidaka soko la samaki, eti wingu la gesi liko mbali huko na halionekani, upana wake mnaujuaje? Kwa mdomo nilimchanganya, ngoja niandike.

Kwanza tafuta kwasari (kiini cha galaksi ya mbali sana, kinang'aa mno) iliyopitia lenzi ya mvutano, yaani kuna galaksi imekaa njiani, uzito wake unapinda mwanga, wewe huku unaona kwasari mbili kumbe ni moja. Anza na Q0957+561, ndo ya kwanza kugundulika, 1979, picha zake zimeachana kama sekunde 6 za tao (sekunde moja ya tao ni digrii moja gawanya kwa 3600) kwa hiyo hata hewa ikichezacheza unazitenganisha.

Piga spektra (mwanga uliotandazwa kwa rangi zake) ya kila picha peke yake, ukizichanganya umeshaharibu. Kisha tafuta mistari myeusi, pale gesi ilipokula mwanga. Magnesi ni rahisi maana inakuja pacha, angstromu 2796 na 2803 (angstromu ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Tuseme umekuta mmoja kwenye 5592, gawanya kwa 2796 unapata 2, toa 1, basi z ya wingu ni 1 (z ni kiasi mwanga ulivyovutika njiani kwa ulimwengu kutanuka, ikiwa kubwa kitu kiko mbali zaidi). Pacha wake awepo kwenye 5606 hivi, hayupo usijidanganye.

Sasa hapa ndo penye utamu. Utazame mtumbwi kwa juu ukiwa umefungwa ufukweni: mbavu mbili zinaanzia ncha moja, zinatanuka, zinakutana tena mbele. Miale yetu miwili iko hivyohivyo, ncha moja kwasari, nyingine sisi, tumbo ni pale kwenye galaksi. Kwa Q0957 tumboni (z 0.36) ni karibu miaka-nuru 100,000, kwenye z 1 imeshabana mpaka kama 22,000, ukifika kwasari yenyewe (z 1.41) ni sifuri. Hesabu yake: pembe mara umbali wa lenzi, zidisha kwa umbali wa wingu hadi kwasari, gawanya kwa umbali wa lenzi hadi kwasari, mwisho gawanya kwa 1+z ya wingu (umbali wote uwe wa kipimo cha leo, yaani ulimwengu ulivyotanuka sasa, pembe iwe kwenye radiani, mi hapo niliwahi kupoteza jioni nzima).

Mstari ukiwepo kwenye picha zote mbili kwa z ileile, wingu limefika miaka-nuru 22,000 au zaidi. Ukiwepo kwenye moja tu, huenda ni dogo, au mwale mmoja umepita pembeni tu, ndo maana wingu moja halitoshi, kusanya mengi uhesabu mangapi yamegonga miale yote.

Na angalia kina cha mistari, mmoja mzito mwingine mwepesi na kasi haziendani, inawezekana ni mawingu mawili madogo ndani ya galaksi moja, hapo usiandike kipenyo, andika tu gesi ina mabongemabonge.