Gari la zamani lenye "pepo" la umeme: namna ninavyolisaka

Gari lilipoletwa kwangu, mwenyewe alikuwa ameshanunua betri mpya na relei mpya ya indiketa (swichi inayowashwa kwa umeme). Tatizo lilikuwa palepale: akiwasha indiketa ya kushoto, taa za dashibodi nazo zinawaka na kuzima, na akikanyaga breki, taa ya namba ya gari inawaka kwa mbali. "Fundi, hili gari lina pepo." Nilikwenda moja kwa moja kwenye taa ya nyuma ya kushoto, nikafungua skrubu moja iliyoliwa na kutu, nikakwangua, nikafunga. Pepo likatoka.

Sikubahatisha. Umeme hutoka kwenye chanya ya betri, hufika kwenye balbu, kisha lazima urudi kwenye hasi. Njia ya kurudi ni bodi la gari lenyewe, na pale waya unapofungwa kwenye bodi ndipo tunapopaita ethi. Watu hupima njia ya kwenda wakasahau ya kurudi, na kwenye gari la zamani vituko vingi viko huko.

Andaa mita ya dijiti, taa ya kupimia, balbu ya wati 21 iliyounganishwa nyaya mbili, na msasa. Vua pete na saa. Ukitaka kutoa betri, anza na hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Nyaya za eabegi, ambazo mara nyingi hufunikwa kwa manjano, usizipime wala kuzichezea.

Hatua ya 1: Betri na chaji

Hapa usikae sana. Betri iliyopumzika usiku kucha na iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza, maana betri dhaifu huleta dalili za uongo. Washa injini: kwenye magari mengi ya zamani utaona kati ya 13.8 na 14.5. Gusa kwa ncha ya mita nguzo ya betri yenyewe, kisha kibanio chake. Namba zikitofautiana huku mzigo (kitu kinachokula umeme, kama taa kubwa) umewashwa, safisha hapo kabla hujaenda popote.

Hatua ya 2: Uliza maswali kabla ya kufungua

Tatizo linatokea lini? Baada ya mvua, injini ikipata moto, au kwenye barabara mbovu? Kuna kitu gani kingine kinachobadilika wakati huohuo? Andika. Vitu viwili visivyohusiana vikisumbua pamoja, tafuta kwenye mchoro wa waya vinachangia nini: fyuzi, plagi au ethi. Dakika tano za kusoma mchoro zimeniokoa siku nzima ya kubomoa dashibodi.

Hatua ya 3: Pima ethi huku kitu kinafanya kazi

Turudi kwenye ile taa. Balbu za indiketa, breki na taa ndogo zilikuwa zinatumia ethi moja. Ethi ilipokatika, umeme wa indiketa ulifika kwenye balbu ukakosa pa kutokea. Ukarudi kinyumenyume kupitia uzi wa taa ndogo, ukapanda waya wake hadi kwenye taa za dashibodi na taa ya namba, ambazo ziko kwenye waya huohuo, na huko ndiko ulikopata ethi. Kwa kuwa balbu kadhaa zilikuwa zinagawana volti zilezile 12, kila moja iliwaka kifufutende. Ukiona taa inawaka kwa mbali pale isipopaswa kuwaka kabisa, shuku ethi kabla ya swichi.

Kupima ni hivi. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyeusi iguse nguzo hasi ya betri (refusha kwa waya ikibidi), nyekundu iguse upande wa ethi wa balbu. Washa taa. Ethi nzima itasoma karibu sifuri, ikivuka 0.2 kuna kutu au waya umelegea. Kwenye gari lile nilisoma zaidi ya volti 9. Jaribu vivyo hivyo kwenye injini: nyekundu kwenye chuma cha injini, nyeusi kwenye nguzo hasi, mtu apige starta. Ikizidi 0.5, waya mnene wa ethi ya injini haufai au haujakaza.

Kukaza skrubu juu ya kutu hakusaidii. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi kwa juu ili maji yasiingie.

Hatua ya 4: Usiamini volti 12 zisizo na mzigo

Hili liliwahi kunifedhehesha. Pampu ya mafuta haizunguki. Natoa plagi, napima, volti 12.4. Nikasema pampu imekufa. Pampu mpya nayo ikagoma. Kumbe ndani ya waya shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, zimebaki nyuzi mbili tatu. Mita haili umeme, hivyo nyuzi hizo ziliitosha, lakini pampu ilipoomba ampea kadhaa volti zikaanguka. Siku hizi sitoi plagi. Nachoma ncha ya mita kwa nyuma yake huku kitu kimewashwa, au naweka balbu ya wati 21 mahali pa pampu. Balbu ikiwaka kwa uvivu, waya ni mbovu. Kata mpaka ukute shaba nyekundu inayong'aa, unga waya mpya wa unene uleule.

Hatua ya 5: Fyuzi inayoungua kila ukiiweka

Usiweke fyuzi kubwa zaidi, na usifunge karatasi ya sigara. Fyuzi iko pale ili iungue yenyewe badala ya waya. Weka ile balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi. Kukiwa na shoti (waya wa umeme unaogusa bodi) itawaka kikamilifu, na haitapitisha zaidi ya ampea mbili hivi, basi huunguzi kitu. (Balbu hupata moto sana, iweke mbali na viti na plastiki.) Sasa tikisa nyaya kipande kwa kipande, chomoa plagi moja baada ya nyingine. Ikififia ghafla, shoti iko hapo ulipogusa.

Hatua ya 6: Betri inayoisha gari likiwa limelala

Zima kila kitu, funga milango. Weka mita kwenye tundu la ampea 10, uipitishe kati ya nguzo hasi na waya wake. Usipige starta mita ikiwa hapo, utaiunguza. Subiri nusu saa, maana vifaa vingine huchelewa kulala. Milampea 50 au pungufu ni kawaida. Ukisoma 500, betri ya ampea-saa 60 iliyojaa itakauka kabisa kwa siku tano, na itashindwa kupiga starta kabla ya hapo. Toa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Zote zikitoka na namba haijashuka, kagua alternata (mashine inayochaji betri): diodi yake, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ikifa huvujisha umeme bila kupita kwenye fyuzi za ndani. Na kabla ya yote hayo, fungua kisanduku cha dashibodi uguse balbu yake. Ikiwa ya moto, swichi yake haizimi na umeshamaliza kazi.

Hatua ya 7: Tatizo linalokuja na kuondoka

Lifanye litokee mbele yako. Gonga relei kwa mpini wa bisibisi, kisha ibadilishane na nyingine ya aina ileile uone kama tatizo linahama nayo. Pasha moto kwa kikausha nywele panaposumbua injini ikichemka. Kisha nenda kwenye mpira unaopitisha nyaya kati ya bodi na mlango, au bodi na buti, maana nyaya hizo zimekunjwa maelfu ya mara. Vuta mpira utoke, ushike waya mmoja mmoja, uuvute taratibu kwa vidole viwili. Waya mzima hukataa. Ule unaorefuka kama lastiki, shaba yake imekatika ndani.