Somo: Kubuni kitanda cha hospitali kinachokunjika, tukianzia kwenye nyonga ya mgonjwa

Mafundi wengi wakipewa kazi ya kitanda cha wodini huanza na fremu. Wanakata paipu, wanachomelea, wanafunga bawaba katikati, mgonjwa anafikiriwa mwishoni. Hata mimi nilianza hivyo. Kitanda changu cha kwanza kilipanda na kushuka vizuri kikiwa kitupu, nikajisifu. Kisha nikamwomba mwenzangu alale, nikainua mgongo, nikashusha, nikainua tena. Mara ya tatu nyayo zake zilikuwa zimegota kwenye ubao wa miguuni, naye anaapa hakujisogeza hata kidogo. Alikuwa anasema kweli.

Hatua ya 1: Tafuta mahali mtu anapokunjika

Chukua daftari nene, likunje katikati. Tazama ukingo: kurasa za ndani zimechungulia nje kupita jalada. Ndivyo anavyofanywa mgonjwa. Kitanda kinakunjika kwenye bawaba, chini ya godoro. Mtu anakunjika kwenye nyonga, ambayo iko juu ya godoro. Kati ya hizo mbili pana kimo, tukiite h, na mgongo ukiinuka kwa pembe fulani, nafasi ya mwili upande wa ndani hupungua kwa 2 × h × tan ya nusu ya pembe hiyo.

Weka namba. Kama h ni sm 20 na mgongo umeinuka nyuzi 60, nafasi iliyopotea ni sm 23. Godoro likibonyea utapunguziwa kidogo, lakini mwili lazima uende mahali, nao huteleza kuelekea miguuni. Balaa lenyewe ni kwamba ngozi hung'ang'ania shuka huku mfupa ukiteleza ndani. Nyama iliyo katikati inavutwa pande mbili, na vidonda vya mgandamizo huanzia hapo. Muuguzi naye anabaki na kazi ya kumvuta mgonjwa juu kila baada ya muda, mpaka mgongo wake mwenyewe unamuuma.

Dawa ni mbili, na nakushauri utumie zote. Kwanza, usifunge bawaba ya mgongo pale pale. Iweke kwenye roli zinazotembea ndani ya reli, au kwenye mikono minne yenye pini, ili kipande cha mgongo kirudi nyuma kuelekea kichwani kadiri kinavyopanda. Pili, paja litangulie: liinue nyuzi 15 hadi 20 kabla ya mgongo kuanza. Magoti yakiwa juu, makalio hayana pa kutelezea.

Hatua ya 2: Vipande vinne

Wazo la kugawa kitanda vipande si la jana. Willis Gatch, daktari mpasuaji wa Marekani, alitoa kitanda chake chenye vipande vinavyoinuliwa mwaka 1909, na hadi leo jina lake limebaki kwenye vitanda vya aina hiyo. Kwa uso wa mita 2, mimi hugawa hivi: mgongo sm 80, makalio sm 22 (hiki hakisogei), paja sm 36, muundi sm 62. Usikifanye kipande cha makalio kifupi mno kwa kubana nafasi ya mitambo. Hapo ndipo mtu anapokaa.

Hatua ya 3: Mzigo, na ile inchi ya kwanza

Kiwango cha kimataifa cha vitanda vya matibabu, IEC 60601-2-52, kinataka kitanda cha mtu mzima kibebe angalau kilo 170: mgonjwa 135, godoro 20, vifaa 15. Katika hesabu zangu mgongo hupewa asilimia 45 ya mzigo, makalio 25, paja 15, muundi 15.

Asilimia 45 ya kilo 170 ni kama nyutoni 750. Kipande kina sm 80, kwa hiyo uzito uangushe katikati, sm 40 kutoka kwenye bawaba. Momenti, yaani nguvu ya kuzungusha kwenye bawaba, ni 750 × 0.4, sawa na nyutoni-mita 300. Hii ni pale mgongo ukiwa umelala. Ukifika nyuzi 60 inabaki 150 tu, kwa sababu uzito umesogea juu ya bawaba.

Sasa skrubu inayoinua mgongo inasukuma kwa umbali gani kutoka kwenye bawaba? Ukiwa na mm 60, unahitaji nyutoni 5,000. Ukipata mm 100, ni 3,000. Hizo mm 40 za ziada zitakusaidia kuliko mota kubwa. Tatizo la vitanda vingi nilivyofungua ni hilo: mkono wa kusukumia umelazwa sambamba na kitanda ili mtambo uwe mwembamba, halafu mtu anashangaa kwa nini mizunguko ya kwanza inamtoa jasho na ya mwisho inakwenda kwa kidole.

Hatua ya 4: Skrubu

Tumia skrubu ya uzi wa trapeza (meno yake yana umbo la trapeza), kipenyo mm 20, hatua ya uzi, yaani umbali wa jino hadi jino, mm 4. Mwinamo wa uzi wake ni kama nyuzi 4, na msuguano wa chuma na nati ya shaba ni wa kutosha kuuzuia usirudi. Ukiachia mkono, mgongo unabaki pale pale. Gharama yake ni kwamba karibu theluthi moja tu ya kazi unayofanya ndiyo inayomfikia mgonjwa, iliyobaki inaishia kwenye joto. Mimi nailipa bila kinyongo.

Kwa nyutoni 3,000, mkono wa kuzungushia wenye sm 20 utadai nguvu ya kama kilo 3, na mizunguko isiyopungua 30 hadi mgongo usimame nyuzi 70. Mkono huo ukunjike na kuingia chini ya kitanda baada ya kazi, la sivyo kila apitaye atagonga goti.

Hatua ya 5: Kimo

Ukitumia mkasi kama wa jeki, nguvu ya kuvuta mlalo ni uzito ukigawanywa kwa tan ya pembe ya mkono wa mkasi kutoka mlalo. Mgonjwa, godoro, vifaa na fremu inayopanda tuseme ni kilo 230. Mkono ukiwa nyuzi 45, unahitaji nyutoni 2,250 hivi. Ukiwa nyuzi 15, 8,400. Ukiwa nyuzi 10, unakaribia 12,800. Ndiyo maana kitanda kinachoshuka chini sana ni ghali kukibuni.

Mimi napendelea mikono miwili inayojitegemea, mmoja kichwani na mmoja miguuni, kila mmoja na jeki yake ya umeme. Ukiendesha zote mbili, kitanda kinapanda. Ukiendesha moja, kinainama, na umepata mkao wa Trendelenburg (kichwa chini, miguu juu) bila mtambo wa ziada.

Hatua ya 6: Mianya na magurudumu

Uwazi wowote ndani ya reli za pembeni uwe chini ya mm 120, kichwa kisipite. Magurudumu ya mm 125 au 150, breki ya pedali moja kwa yote manne. Basi.

Maswali ya wanachama

*Mwanafunzi wa uhandisi:* Shikamoo mwalimu. Kwa nini tusitumie skrubu ya gololi, ile ambayo nati yake inatembea juu ya gololi? Nimesoma inapoteza nguvu kidogo sana.

Marahaba. Umesoma sawa, na shida iko hapo hapo. Isiyopoteza nguvu ikienda, haipotezi ikirudi. Mota ikizimwa mgonjwa anashuka polepole usiku kucha. Utalazimika kuongeza breki, na breki ikichakaa umerudi mwanzo.

*Muuguzi:* Mgonjwa moyo ukisimama siwezi kuzungusha mara 30. Hilo hujaligusa kabisa.

Kweli dada, nimeliruka na halikustahili kurukwa. Weka wenzo pande zote mbili za kitanda, unaoitenga nati na sehemu inayosukuma mgongo, ili kipande kishuke kwa uzito wake. Usikiache kianguke: weka kizuizi cha gesi au mafuta kinachokishusha kwa sekunde chache. Na wenzo uwe na rangi nyekundu, mahali ambapo mkono utaupata bila macho.

*Fundi wa matengenezo:* Mkuu, jeki za umeme za wodini kwetu zinagoma ghafla, baada ya nusu saa zinafanya kazi zenyewe. Nimebadilisha waya zote.

Waya hazina kosa. Jeki nyingi za aina hiyo hubuniwa zifanye kazi dakika 2, zipumzike 18. Kuna mtu anacheza na rimoti, kinga ya joto inakata. Chunguza saa za wageni kuingia.

*Muuguzi:* Nirudi tena. Tumeletewa magodoro mazito ya kuzuia vidonda, yamewekwa juu ya vitanda vya zamani. Kuna ubaya?

Pima kutoka juu ya godoro likiwa halijalaliwa hadi ncha ya juu ya reli ya pembeni. Kiwango kinataka mm 220 au zaidi. Godoro likipanda sm 8, reli imeshuka sm 8, na mgonjwa akigeuka usingizini atavuka. Pima leo kabla zamu haijabadilishwa.