Muswada wa Bahati Nasibu Ukirudi Montgomery: Namna ya Kuusoma na Kuusemea

Ijumaa jioni, nikishalaza basi, mara nyingine hupita Ardmore kumsalimia rafiki yangu. Ardmore ni mji mmoja ulio katika majimbo mawili: kusini ya mstari ni Alabama, kaskazini ni Tennessee. Kwenye vituo vya mafuta vya upande wa Tennessee utaona magari yenye namba za Alabama yamejipanga, na wenyewe wako ndani wananunua tiketi za bahati nasibu, za Powerball na za kukwangua. Jimbo letu, Alabama, halina bahati nasibu. Tennessee inayo tangu Januari 2004, na mapato yake yanalipia ada za vyuo. Kwa hiyo dola mbili za fundi wa Huntsville zinamsomesha mtoto wa Nashville.

Mimi ni mtu wa Tanga, ninaendesha basi la shule Huntsville, mwaka wa kumi na nne sasa. Ni Muislamu na tiketi sijawahi kununua wala sitanunua. Lakini uraia ninao, kura ninayo, na muswada wa kuhalalisha bahati nasibu umefika Bungeni Montgomery, makao makuu ya jimbo, mara nyingi kiasi kwamba utafika tena. Waswahili wenzangu wa hapa, kutoka Mombasa, Bukavu na Kigoma, huniuliza tufanye nini ukija. Haya ndiyo ninayowaambia.

Anza na katiba, maana ndiyo iliyofunga mlango. Kifungu cha 65 cha Katiba ya Alabama kinalikataza Bunge kuruhusu bahati nasibu kwa sababu yoyote ile. Gavana hawezi kuianzisha kwa amri, wala Bunge kwa sheria ya kawaida. Lazima katiba irekebishwe: theluthi mbili hazihitajiki hapa, usidanganywe na mtu, kinachotakiwa ni sehemu tatu kwa tano za wajumbe wote katika kila chumba. Baraza la Wawakilishi lina watu 105, kwa hiyo zinahitajika kura 63. Seneti ina watu 35, zinahitajika 21. Saini ya gavana haihitajiki. Baada ya hapo wananchi wanapiga kura, na wengi ndio washindi.

Zishike vizuri namba hizo. Tarehe 30 Aprili 2024 muswada ulipita kwa Wawakilishi, ukafika Seneti ukapata kura 20. Ilikosekana moja. Seneta mmoja angebadili mawazo, suala lingefika kwa wananchi. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "simu yangu mimi itasaidia nini," humtajia kura hiyo.

Wananchi wenyewe waliulizwa mara moja tu, tarehe 12 Oktoba 1999. Don Siegelman alikuwa ameshinda ugavana mwaka uliotangulia kwa ahadi ya bahati nasibu ya kusomesha watoto, akiiga jirani zetu wa Georgia. Makanisa yakasimama kupinga, na asilimia 54 wakasema hapana.

Sasa muswada wenyewe. Tafuta maandishi kamili kwenye tovuti ya Bunge iitwayo ALISON, usitegemee muhtasari uliotumwa WhatsApp. Ukiupata, usianze mwanzo. Nenda moja kwa moja panapoandikwa pesa zinakwenda wapi, kaa hapo, chukua kalamu. Bahati nasibu zote zinafanana usoni. Tofauti iko mfukoni. Mwaka 1999 pesa zilikuwa za ufadhili wa vyuo, shule za awali na teknolojia mashuleni. Mwaka 2016, Gavana Robert Bentley alipoileta tena, zilikuwa za kuziba pengo la mfuko mkuu wa jimbo, hasa matibabu ya wasiojiweza. Mwaka 2024 elimu ikarudi. Jina ni lile lile, lakini mwenye kupokea hubadilika. Ukiulizwa unaunga mkono bahati nasibu au la, jibu sahihi ni: ipi?

Kwenye sehemu hiyo ya pesa ninatafuta mambo matatu. La kwanza, je, matumizi yameandikwa ndani ya marekebisho ya katiba yenyewe, au yameachiwa Bunge lijipangie baadaye? Kilichoachwa kwa baadaye kitabadilishwa kila bajeti ikibana. La pili ndilo kubwa kuliko yote: je, kuna maneno yanayosema pesa hizi ziongeze bajeti ya elimu iliyopo na zisichukue nafasi yake? Bila maneno hayo, mkono wa kulia unaleta dola milioni mia, wa kushoto unaondoa milioni mia zile zile za kodi, na mwalimu wa darasa la pili haoni hata daftari jipya. Florida, iliyoanza kuuza tiketi mwaka 1988, imelaumiwa hivyo kwa miaka mingi. La tatu, je, kuna akiba ya kulinda ahadi mauzo yakishuka?

Georgia ndiyo shule yetu nzuri, na huko nina ushahidi wa nyumbani. Mpwa wangu alikulia Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, akasoma chuo kikuu kwa HOPE, ufadhili unaotokana na bahati nasibu. Wapiga kura wa Georgia waliikubali kwa tofauti ndogo mwezi wa Novemba 1992, gavana akiwa Zell Miller, na HOPE ikaanza 1993. Mwanafunzi mwenye wastani wa alama 3.0 kati ya 4 anaipata, na wakimbizi waliopewa hadhi halali hawaachwi nje. Pesa hizo hizo zinalipia shule za awali kwa watoto wa miaka minne. Huku kwetu shule za awali za jimbo ni nzuri sana, lakini nafasi hazitoshi, na majina ya watoto huchaguliwa kwa kura ya bahati. Nimewabeba kwenye basi langu kaka zao, na nimemwona mama kituoni akilia kwa sababu jina la mwanawe halikutoka.

Lakini Georgia ina somo lingine pia. Mwanzoni HOPE ilikuwa na kikomo cha kipato: mwaka 1993 familia yenye zaidi ya dola 66,000 kwa mwaka haikuingia. Mwaka 1994 kikapandishwa hadi 100,000, na 1995 kikafutwa. Kisha wanafunzi wakazidi pesa, na mwaka 2011 ufadhili ukapunguzwa: ada kamili ikabaki kwa wenye 3.7 na alama za juu za mtihani, wengine wakapewa sehemu. Ada kamili ilirudi 2023 tu. Anayenunua tiketi kwa wingi, ukilinganisha na kipato chake, ni maskini; anayefikisha 3.7 mara nyingi ni mtoto wa nyumba yenye vitabu na mwalimu wa ziada. Kwa hiyo kipengele cha kikomo cha kipato kikiwa hakimo kwenye muswada, mimi hupiga simu kuuliza kwa nini.

Halafu angalia ni nini kingine kimefungwa kwenye kifurushi hicho. Alabama bahati nasibu mara nyingi haiji peke yake. Huja na kasino, kamari za michezo na mashine za bingo, na wenye maslahi hayo huvutana mpaka kamba inakatika. Ukitaka tiketi za kawaida tu, sema hivyo wazi. Mississippi, waliotunga sheria yao mwaka 2018 na kuanza kuuza Novemba 2019, waliandika kwa kifupi: dola milioni 80 za kwanza kila mwaka ziende barabara na madaraja, zinazozidi ziende elimu. Hata mtu asiyejua sheria anaelewa.

Ukishasoma, tafuta wawakilishi wako wawili: mmoja wa Baraza la Wawakilishi, mmoja wa Seneti ya jimbo. Si wale wa Washington. Mara ya kwanza nilimpigia seneta wa Washington na msaidizi wake akanielekeza kwa upole. Ukipiga, taja mtaa unaoishi kabla ya jambo lolote, maana wanachotaka kujua ni kama wewe ni mpiga kura wao. Kisha namba ya muswada, kisha ombi moja. Moja tu. "Naomba seneta aongeze maneno ya kuzuia pesa hizi zisichukue nafasi ya bajeti ya elimu." Ukileta malalamiko kumi wataandika "ana malalamiko."

Kamati ikiitisha kikao cha kusikiliza wananchi, nenda ukijiandikisha mapema. Muda ni dakika chache, na Montgomery ni mwendo wa saa tatu kutoka kwetu, kwa hiyo pangeni gari moja. Kiingereza chako kikiwa kizito, andika, usome. Bunge hukaa siku 30 tu za kazi ndani ya siku 105, na tarehe hutangazwa ghafla. Mtu mmoja kwenye kundi apewe kazi ya kuangalia ALISON kila Jumatatu.

Ndugu zangu wenye green card, hapa nisikilizeni vizuri. Kupiga simu kwa seneta, kuandika barua, kusema mbele ya kamati, vyote ni haki yenu. Kujiandikisha kupiga kura si haki yenu bado, hata kama mtu mwenye fomu sokoni amekwambia saini tu hapa. Kosa hilo linaweza kukunyima uraia na kukurudisha ulikotoka.

Mwenye uraia ajiandikishe mapema, kwa sababu zikibaki siku 14 kabla ya uchaguzi daftari la wapiga kura limeshafungwa. Siku ya kupiga kura aje na kitambulisho chenye picha. Swali la karatasi ya kura huwa fupi na haliwezi kubeba yote yaliyomo, kwa hiyo soma kwanza maelezo mepesi ambayo jimbo hutoa kwa kila marekebisho, kisha yalinganishe na ile sehemu ya pesa uliyoipigia mstari. Mimi kura yangu sijaiahidi kwa mtu. Maneno ya kulinda bajeti ya shule yakiwemo, nitatia wino kwenye ndiyo, pamoja na kwamba tiketi ni haramu kwangu. Yasipokuwemo, nitatia kwenye hapana. Na usiache duara wazi ukidhani ni hapana ya kimyakimya: wanahesabu waliotia wino tu.