Somo: Jani linaoza kwa kasi gani chini ya mti wako? Pima mwenyewe

Asubuhi Unguja tunafagia majani, tunayakusanya biwi, tunatia moto. Potashi na chokaa hubaki kwenye jivu, lakini naitrojeni karibu yote huondoka na moshi. Kabla hujawasha kiberiti tena, fanya jaribio hili.

Tafuta majani makavu ya mwembe, mvinje na gliricidia (mti wa jamii ya kunde), mzani unaosoma gramu, mfuko wa wavu wa vitunguu, na wavu wa nailoni wa madirishani.

Hatua ya 1. Okota yaliyoanguka yenyewe, usichume mabichi. Mti kabla ya kuliachia jani huvuta karibu nusu ya naitrojeni na fosforasi yake, kwa hiyo jani bichi litakudanganya.

Hatua ya 2. Anika mpaka uzito usibadilike. Shona vifuko vya ukubwa wa kiganja kwa mshipi wa kuvulia, maana uzi wa pamba utaoza kabla ya majani. Kila kifuko gramu 10. Mwembe na gliricidia tia kwenye nyavu zote mbili. Mvinje kwenye wa madirishani tu, sindano zake zinapenya ule wa vitunguu.

Hatua ya 3. Masika yakikaribia, vilaze juu ya ardhi, uvibane kwa vijiti. Penye maweni tafuta kishimo chenye udongo. Misitu ya Jozani na Ngezi ni hifadhi, usiingie bila ruhusa. Shambani kwako panatosha.

Hatua ya 4. Kila mwezi toa kimoja cha kila aina. Pangusa udongo kwa brashi, ng'oa vijizizi, anika, pima. Zikibaki gramu 6, ni asilimia 60. Wavu wa vitunguu unaingiza majongoo, wa madirishani unawazuia. Tofauti kati yao kwa sehemu kubwa ni kazi ya majongoo, ingawa vipande vingine huchopoka tu. Gliricidia kwa kawaida hutangulia, mvinje hubaki nyuma.

MASUALI

Maalim, chandarua chakavu hakifai?
Vingi vimetiwa dawa. Itaua vidudu vile vile unavyovitaka.

Nilifukia majani ya mvinje kwenye tuta la mchicha, ukageuka manjano. Kulikoni?
Mvinje una kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Kuvu na bakteria wakilila jani kama hilo hupungukiwa na naitrojeni, wakaichukua udongoni, mchicha ukakosa. Baadaye huirudisha, lakini mchicha haungoji miezi. Tandaza juu, usifukie, au changanya na gliricidia au samadi.

Potashi nayo inasubiri hivyo?
La. Haikufungwa ndani ya jani, mvua chache tu zinaiosha. Chokaa ndiyo inayokaa, imeshikana na kuta za chembe hai (seli) za jani.

Na miti ikikatwa yote?
Kuoza kunaendelea, mizizi ya kupokea haipo. Huko Hubbard Brook, msitu wa utafiti Marekani, bonde zima lilikatwa mwishoni mwa 1965 na mimea ikazuiwa kuota. Naitrati, yaani naitrojeni inayoyeyuka majini, kwenye kijito ikapanda mara nyingi kuliko kawaida. Kwa hiyo ukikata mwembe mkongwe, panda kitu papo hapo, hata kama ni muhogo.