Uso ukiwaka: jinsi ninavyoishi na rozasia Nairobi

Mimi nauza chapati Kawangware, joto la jiko nalijua. Lile lililoniingia usoni halikuwa la jiko. Nikiwa nimeketi tu kwenye matatu, mashavu yalianza kuwaka kama yamepakwa pilipili, kisha vikatoka vipele vilivyofanana na chunusi. Hiyo ndiyo rozasia, ugonjwa wa ngozi ya uso usioisha upesi. Kwa kuwa ngozi yangu ni nyeusi, hakuna aliyeuona ule wekundu unaosemwa. Kwa hiyo dada yangu, usingoje uwe mwekundu. Weka kiganja shavuni. Pakiwa na moto, sabuni ikikuchoma, na mashavu yamekolea rangi kuliko shingo, muone daktari wa ngozi.

Tena usipitie njia niliyopitia. Duka moja la dawa liliniuzia tyubu ya betamethasoni bila kuniuliza chochote. Wiki ya kwanza uso ulitulia, nikamshukuru Mungu. Nilipoacha, ulirudi umevimba. Nikapaka tena, nikaacha tena, miezi minane. Hiyo ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe: usoni hutuliza leo, kesho inachochea. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zinayo pia. Kama umeizoea, daktari akuelekeze namna ya kuiacha.

Mimi nilipewa jeli ya metronidazoli na vidonge vya doksisiklini (mjamzito asivimeze). Wengine hupewa krimu ya ivermektini, ambayo hupunguza utitiri, vijidudu vidogo mno vinavyoishi kwenye vinyweleo. Vumilia wiki kadhaa. Jua la Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, linachoma hata Julai yenye mawingu, kwa hiyo paka mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi. Kofia pana nilipata Gikomba.

Nunua daftari. Kila jioni andika ulichokula, ulikokuwa, na uso uliwaka saa ngapi. Mimi nilikuwa nalaumu tangawizi ya chai, kumbe ni joto la chai yenyewe. Siku hizi naiacha kikombeni mpaka utando wa maziwa ujikunje juu, ndipo nanywa. Jiko nalo nimeligeuza, upepo upeleke moto upande wa pili.

Sasa kuhusu kinga ya mwili. Katika rozasia, kinga ya ngozi huwaka kupita kiasi. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2016 ulikuta wenye rozasia wakiwa pia, mara nyingi kuliko wengine, na magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe: kisukari cha aina ya kwanza, seliaki (utumbo kudhurika na ngano), skelerosisi ya neva (ugonjwa wa neva za ubongo na uti wa mgongo, kwa Kiingereza multiple sclerosis) au baridi yabisi. Kuonekana pamoja si kusababishana, usikose usingizi. Ila mwambie daktari kila kitu: kiu isiyoisha, tumbo linaloharisha ukila ngano, ganzi, viungo kukaza. Muulize pia kuhusu lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia mwili, kwani nayo hukaa mashavuni, ingawa mara nyingi huruka mikunjo ya kando ya pua na haina usaha. Macho yakiwasha kama yana mchanga, usichelewe.

Vipimo vyangu vya damu vilitoka safi. Lakini vidole hukaza alfajiri ninapokanda unga, na daktari alisema ikizidi nusu saa nirudi. Basi naandika nyuma ya daftari lilelile. Jana, dakika 20.