Kuunganisha meli iliyokuja kwa vipande

Meli ya mvuke SS William Mackinnon iliundwa Paisley, Uskoti, kando ya Mto Cart, ikasafirishwa kwa vipande na kuunganishwa na kushushwa majini Kisumu mwaka 1900. Ukitaka kuunda chombo cha ribiti (pini za chuma zinazoshika mabamba, zikipondwa ncha ziwe vichwa) namna hiyo ufukweni Mwanza, kifunge kwanza kwa bolti karakanani, andika namba kila bamba, ndipo ufungue. Ufukweni anza na mkuku, uti wa chini wa chombo, kisha mataruma, yaani mbavu zake, na mabamba juu yake.

Matundu yasipokutana usilazimishe kwa nyundo, chuma kitachanika. Panua kwa kekee ya kutobolea. Ribiti ipigwe ingali nyekundu: ikipoa hunywea na kubana mabamba. Iliyopigwa ikiwa imeshapoa huvuja kwa urahisi, hata uipake rangi mara ngapi. Kuipima, weka kidole upande mmoja wa ribiti, gonga wa pili kwa nyundo. Ikitetemeka, ikate upige nyingine. Mwisho ponda kingo za mabamba kwa tindo butu ili maji yasipenye.